Alimkataa Daktari, Hakukataa Matibabu

Siku yangu ya kwanza kazini Matroni alinitazama viatu kabla hajanitazama usoni. Vilikuwa vyeupe, nimevisugua jana yake mpaka vidole vikaniuma. Akasema, "Vizuri. Sasa njoo nikufundishe ambalo chuoni hawakukufundisha." Akanipeleka kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, kila mtu na kadi yake mkononi.

"Wa kwanza anaingia chumba namba moja," akasema. "Wa pili namba mbili, wa tatu namba tatu, kisha unarudi namba moja. Mtu asikwambie anamtaka fulani. Mchagua jembe si mkulima, na mchagua daktari si mgonjwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hospitali hiyo iko Tabora mjini, jina lake nitaliacha. Madaktari walikuwa wachache, na Matroni alikuwa na hoja. Kila mtu akimtaka daktari mmoja mwenye jina, huyo ataanguka kwa uchovu na wenzake watakaa kupiga soga. Tena alipenda kutukumbusha kwamba mji huu ulipokea misafara tangu zamani, watu wanatoka pwani wanakwenda Ujiji, na mpagazi aliyefika hoi hakuuliza nani atampa maji. Nilimwamini. Nilikuwa binti wa kijijini, wa nyumba ya Wamoravian, nyumbani tunasema Kinyamwezi, na mwanamke yule aliyewaamrisha hata madaktari nilimwona mkubwa kuliko mchungaji wetu.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Kaliua. Huko daktari hakuwepo, alikuwepo tabibu. Kwa wasiojua, tabibu ni mtu aliyesomea uganga kwa miaka michache, akapewa kazi za daktari kwa kuwa daktari mwenyewe hayupo. Wetu alikuwa hodari, lakini alikuwa pia mwalimu wa kwaya kanisani. Basi wanawake wenye matatizo ya chini wakawa wanampita mlangoni, wanapanda treni kwenda kutibiwa Urambo.

Niliwasema sana. Mdomo wangu ni mkali, sifichi, na wakati huo ulikuwa mkali zaidi. "Mficha uchi hazai," niliwaambia. Mama mmoja akanijibu taratibu, "Nesi, Jumapili atasimama mbele yangu aninyooshee mkono niimbe sauti ya pili. Nitaimbaje?" Nikaona ni upuuzi mtupu. Nikachukua daftari nikamwandika.

Hapa nieleze jambo la kikazi, maana ndilo lililonifikisha nilikofika. Daftari letu lilikuwa na safu mbili: amepata matibabu, amekataa matibabu. Safu ya tatu haikuwepo. Mtu akisema "huyu simtaki, nipe mwingine", na mwingine hayupo, tulimwandika amekataa. Akiwa mgonjwa wa kulazwa, tulimfanya atie dole gumba kwenye fomu ya kukataa matibabu, ili likitokea la kutokea hospitali isilaumiwe. Mganga wa Wilaya alikuja kukagua akasema daftari langu ni safi kuliko yote aliyoyaona. Nilifurahi wiki nzima.

Nilirudi Tabora mjini nikiwa mtu mzima, na mwishowe nikawa Msimamizi wa wodi ya upasuaji ya wanawake. Dunia ilikuwa imebadilika. Kadi zilikwisha, mgonjwa anaandikishwa kwenye kompyuta, simu kila mfuko. Likaja pia bango la haki za mgonjwa, na mojawapo ilikuwa kwamba mgonjwa anaweza kuomba kuhudumiwa na mtu mwingine pale inapowezekana. Bango lile nililibandika mimi mwenyewe, nimesimama juu ya stuli. Kisha nikashuka nikaendelea na kazi kama Matroni alivyonifundisha.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu.

Saa nne asubuhi aliletwa mama mmoja kutoka kijiji cha mbele ya Isikizya, umri wake kama hamsini hivi. Jina nitamwita Mama Kabula. Alikuja na jirani yake tu, kwa sababu mumewe alikuwa mbali na ng'ombe. Alikuwa ametapika tangu alfajiri, na kwenye kinena chake palikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa limau. Nikaugusa, akauma meno. Nilijua papo hapo. Ilikuwa ngiri iliyojibana: utumbo umepenya kwenye tundu la nyama, tundu limeukaba, damu haipiti. Ugonjwa huo haungoji. Ukichelewa, utumbo unaoza ndani ya mtu akiwa hai.

"Shikamoo, nesi," alinisalimu, pamoja na maumivu yote yale.

"Marahaba. Usiogope, mama. Utapasuliwa leo hii hii upone. Daktari wa zamu ni Dokta Masanja." Ili kumtuliza nikaanza kumsifia daktari. "Kijana mzuri sana, mikono myepesi. Ni mtoto wa mwalimu Masanja wa kule Nzega, Wamoravian wenzetu. Atamaliza kumzalisha mama mmoja kwa upasuaji, kisha atakuja kwako."

Mama Kabula akavuta kitenge chake akajifunika kichwa na uso.

"Huyo hapana," akasema kutoka ndani ya kitenge. "Nipe mwingine. Yeyote. Huyo hapana."

"Kwa nini?"

Akageukia ukutani.

"Amekukosea nini Dokta Masanja?" Niliuliza kwa sauti kubwa, kama ninavyouliza siku zote. Wodi nzima ikageuka kutusikiliza. Kila nilipotaja jina lile alizidi kujikunja. Jirani yake naye alinitazama tu, hajui lolote.

Jamani, mimi ni Mnyamwezi. Nimezaliwa ndani ya mila hizo. Najua mtu anajifunika uso lini, na jina la nani halitamkwi. Mama yangu alikuwa akikutana na mkwe wake njiani anaingia porini mpaka apite. Mimi mwenyewe mkwe wangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumtaja jina mpaka alipokufa. Lakini nilipovaa sare nilizivua akili za kwetu. Nilichokiona pale ni mwanamke jeuri anayempotezea daktari muda.

"Mama, hapa si gengeni unapochagua nyanya," nikamwambia. "Bingwa wa upasuaji yuko Kaliua, anatibu watu huko. Aliyepo ni huyu. Unamtaka au humtaki?"

"Nipe mwingine, nesi. Nakuomba."

Nikaleta fomu. Nikamsomea harakaharaka, nikamshika dole gumba, nikalitia wino, nikaligandamiza. Kwenye faili nikaandika: *Amekataa matibabu.* Nikasaini. Kitanda kikapewa mwingine, na Mama Kabula akatoka na jirani yake, akalala kwenye benchi la varandani kwa kuwa hakuweza kwenda mbali zaidi. Ilikuwa haijafika saa tano.

Nilipita pale varandani mara mbili. Mara ya pili nilimwona anatapika kwenye beseni la jirani yake. Nilitaka kusimama. Nikajiambia fomu ipo.

Saa saba Dokta Masanja alitoka chumba cha upasuaji. Yule mama wa kwanza alikuwa ametoka damu nyingi, ndiyo maana akachelewa. Nikampa ripoti ya wodi, wagonjwa wote mmoja baada ya mwingine, na mwisho nikasema, "Na kuna mmoja wa ngiri, huyo amekataa matibabu." Akashangaa, akachukua faili. Nilimwona anasoma jina la mgonjwa, halafu jina la mume, halafu kijiji. Akakaa kwenye kiti.

"Sista," akasema, "huyu mama yuko wapi?"

"Nje."

"Mimi ndiye nitakayemwoa binti yake. Barua ya posa imepokelewa, washenga wamekwenda mara mbili. Sijawahi kumwona uso. Ni mkwe wangu, Sista."

Kwa watu wa mjini labda nifafanue. Mkwe wa kike kwetu haonwi kichwa wazi na mwanamume wa binti yake, sembuse kuvuliwa nguo na kupasuliwa kinena. Likitokea hilo, wazee wa pande zote mbili watasema ndoa imekufa, na binti atabaki na aibu isiyo yake. Mama Kabula alilijua hilo tangu nilipotaja Nzega na mwalimu Masanja. Na hakuweza kulisema mbele ya wodi nzima, mambo yenyewe bado hayajatangazwa.

Dokta alikuwa tayari ameshika simu. Bingwa akapokea, akauliza tangu saa ngapi. Dokta akanitazama. Nikasema, "Saa nne." Bingwa akasema anatoka Kaliua sasa hivi. Mwendo ni zaidi ya saa mbili, na hakuna mpasuaji mwingine aliyekuwa karibu kuliko yeye.

Tukamrudisha Mama Kabula ndani. Nikamwekea pazia kitanda kizima, kutoka ukutani hadi ukutani. Dokta akasimama upande wa pili, mgongo wake kwetu, na kazi ikafanyika hivyo: yeye anasema, mimi natenda. Nikamtundikia dripu. Nikampitisha mpira puani hadi tumboni ili tumbo lipumue. Yeye anauliza, mimi najibu.

"Sista, mfikishie mama shikamoo yangu."

"Mama, mkweo anakuamkia."

"Marahaba," Mama Kabula akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwambie asante. Mwambie asisogee."

"Uvimbe ukoje, Sista?"

"Umekaza zaidi. Ngozi ya juu imeanza kuiva."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane na nusu. Nikapima mapigo, yalikuwa yanakimbia. Nikayasema kwa sauti, nikasikia Dokta anavuta pumzi.

"Sista, mwambie mama hivi. Bingwa yuko njiani, lakini hatuna hakika atafika saa ngapi. Tukingoja, utumbo unaweza kuoza, na ukioza anaweza kufa. Mtaalamu wa usingizi yuko tayari. Naomba ruhusa yake. Nitamfunika uso. Sitasema kwa mtu. Hata kwa Kabula sitasema."

Nikamfikishia neno kwa neno, kwa Kinyamwezi, nimemwinamia sikioni. Safari hii nilinong'ona. Nilikuwa nimejifunza kunong'ona, wakati umekwisha kupita.

Mama Kabula alifumba macho. Kisha akasema, "Mwambie yeye atajua. Na mimi nitajua. Mwambie nachagua kungoja." Akanishika mkono wa sare. "Na mwambie hivi, nesi. Mwambie mimi niliomba daktari mwingine tangu saa nne."

Niliyasema. Ilinibidi niyapaze, yapite kwenye pazia, kwa mdomo wangu mwenyewe: ameomba daktari mwingine tangu saa nne. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kutamka ripoti nzito kama hiyo.

"Mwambie tutangoja," Dokta akasema. Nilimsikia analia.

Nami niliona hasira, nisiwadanganye. Nilitaka kulichana pazia. Nilitaka kuwaambia wote wawili kwamba hii ni hospitali na yule ni binadamu anayekufa. Lakini nani alikuwa amempotezea saa zake? Mila zilimtaka daktari mwingine tu. Daktari mwingine alikuwa yuko Kaliua, ana simu mfukoni, na angepigiwa saa nne angefika kabla ya saa saba. Aliyemnyima ni mimi, na daftari langu safi.

Bingwa alifika saa tisa na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimia mtu. Upasuaji ulichukua saa mbili. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, akakikata na kuunga. Alipokuwa ananawa mikono aliniuliza bila kunitazama, "Nani aliandika amekataa matibabu?"

"Mimi."

"Alikataa?"

Bingwa akafunga bomba akaondoka.

Mama Kabula aliamka jioni. Siku ya pili alikunywa uji kidogo, akaniuliza kama mumewe ameshapata habari. Nikamwambia yuko njiani, na nilikuwa nasema kweli. Siku ya tatu homa ikapanda, sumu ikaingia kwenye damu, na kabla ya adhuhuri akafariki. Mume alifika saa kumi akamkuta yuko chumba cha maiti. Dokta Masanja hakumgusa mkwe wake, si mzima wala maiti. Alisimama mbali, kofia mkononi.

Kila kifo kama hicho kina kikao chake. Wakuu wanakaa, faili linasomwa, kila mmoja anaeleza alichofanya. Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa hospitali, aliinua ile fomu. "Dole gumba hili hapa," akasema. "Mgonjwa alikataa mwenyewe saa nne, akabadili mawazo mchana. Hospitali haina kosa." Akazungusha macho mezani. "Kuna mwenye la kuongeza?"

Bingwa alinitazama mimi. Dokta Masanja alitazama meza. Mimi nilitazama mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa safi. Nikanyamaza. Mwanamke mwenye mdomo wangu, aliyewakaripia akina mama wa Kaliua kwa sababu ya aibu yao, siku ile alipotakiwa kusema aliogopa barua ya onyo.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza mambo mengi, maana naishi Mtendeni, karibu na hospitali, na wanapita kunisalimia. Wanadhani haki ya mgonjwa kumchagua daktari ni mambo ya matajiri na bima zao kubwa. Nawaambia hapana. Tajiri atakwenda Dar es Salaam akachague. Anayeihitaji haki hiyo ni mtu wa kijijini ambaye daktari wake ni mkwe wake, au jirani yake, au mwalimu wake wa kwaya. Na mara nyingi hataweza kukwambia sababu. Basi usimdai sababu. Mwulize kwa sauti ya chini anamtaka nani, kisha inua simu. Huenda asipatikane. Lakini uwe umetafuta.

Wanaitikia "sawa, mama". Sijui wangapi wanafanya.

Wiki yangu ya mwisho kazini mumewe Mama Kabula alikuja wodini. Mzee mrefu, amekonda. Alivua kofia, tukasalimiana, akauliza habari za kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha akasema shida yake.

"Sista, ndugu wa mke wangu wanasema alijiua kwa kiburi. Wanasema karatasi ya hospitali imeandikwa hivyo. Alikataa matibabu. Nimeishi naye miaka mingi, yule mwanamke hakuwahi kukataa hata kidonge kichungu. Nimekuja nisikie kwenu. Alikataa?"

"Hakukataa, baba," nikasema. "Aliomba daktari mwingine. Mimi nilimwandika vibaya."

Nilitamani anitukane, hakunitukana. Akauliza, "Sasa karatasi itabaki hivyo hivyo?"

Nikaenda masijala, chumba cha kuhifadhia mafaili, nikalitafuta faili lake. Mtunza kumbukumbu akaniuliza kama Mganga Mfawidhi anajua. Nikamwambia atajua. Katika kazi yetu maandishi ya mgonjwa hayafutwi wala hayachanwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba ili kosa lisomeke, kisha unaandika lililo kweli, unaweka tarehe na jina lako. Nikapiga mstari. Nikaandika, nikasaini, na nakala moja nikampelekea Mganga Mfawidhi mezani kwake. Barua ya onyo ilikuja kesho yake, na niko nayo nyumbani.

Lakini kabla sijaenda kwa Mganga Mfawidhi nilirudi kwa mzee na faili mkononi. Alikuwa bado amesimama palepale, amekataa kiti.

"Macho yangu hayaoni vizuri," akasema. "Nisomee."

Nikasoma: "Hakukataa matibabu. Alimkataa daktari mmoja kwa heshima, akaomba mwingine saa nne asubuhi. Muuguzi hakumtafutia."

Mzee akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Soma tena," akasema. "Pole pole, nikawaambie wanawe."